Mfupa Haufuati Kalenda ya Mashindano

Farasi akizaliwa Texas saa tano na nusu usiku wa tarehe 31 Desemba, nusu saa baadaye anahesabiwa kuwa ana umri wa mwaka mmoja. Manyoya yake hayajakauka, bado anayumba akitafuta ziwa la mama yake, lakini daftari la usajili limekwisha kumpandisha daraja. Kaskazini mwa dunia farasi wote wa mbio, na wengi wa maonyesho, hutimiza mwaka siku moja, tarehe 1 Januari. Australia na Afrika Kusini siku hiyo ni tarehe 1 Agosti. Karani hufurahia kanuni hii kwa kuwa inampunguzia kazi. Mfugaji huisoma kwa namna nyingine: mtoto wa Januari atakuwa mkubwa na mwenye nguvu kuliko mtoto wa Mei, na siku ya mashindano wote wawili wataandikwa umri mmoja.

Jike la farasi hubeba mimba kwa takriban miezi 11. Kwa maumbile yake hupata joto siku zinaporefuka, ili mwaka unaofuata mtoto azaliwe nyasi zikiwa tele. Mfugaji anayemtaka mtoto wa mapema haisubiri misimu hiyo. Mwezi wa Desemba huwasha taa bandani mpaka jike apate saa 16 za mwangaza kwa siku, mwili wake uamini kwamba baridi imekwisha. Mtoto huyo ameanza kuharakishwa kabla mimba yake haijatungwa.

Msimamo wangu nausema mapema. Umri wa farasi kuingia uwanjani upangwe na mwili wake, usipangwe na mfuko wa zawadi. Napenda maonyesho ya farasi, na sitaki yafungwe. Farasi aliyekomaa, anayemwamini mpandaji wake, akitembea uwanjani kwa shingo iliyolegea na masikio yanayosikiliza, ni jambo la kupendeza sana kulitazama. Ninachokipinga ni kumdai mtoto kazi ya mtu mzima kwa sababu ratiba ya waandaaji inasema hivyo.

Mfano ulio wazi uko Marekani. Kila mwaka Novemba ikielekea ukingoni, chama cha NRHA, kilichoanzishwa mwaka 1966, huwakusanya watu Oklahoma City kwa mashindano yake makubwa ya farasi wa miaka mitatu. Mchezo wenyewe, reningi, umetokana na kazi ya wachunga ng'ombe: farasi hukimbia kwa kasi, kisha husimama ghafla kwa kukunja miguu ya nyuma na kuteleza juu ya mchanga, halafu huzunguka papo hapo mara kadhaa akiegemea mguu mmoja wa nyuma. Majira hayohayo, Fort Worth, Texas, kuna mashindano ya farasi wa kutenga ndama kundini, yaliyoanza mwaka 1962, nayo pia ni ya farasi wa miaka mitatu. Zawadi zake huhesabiwa kwa mamilioni ya dola. Dume akishinda hapo, ada ya kumpandisha kwa majike hupanda, na wanawe huuzwa ghali kabla hawajazaliwa. Kwa hiyo mnunuzi, mkufunzi na mwenye shamba wote wanautazama mwezi mmoja tu katika maisha ya farasi ambaye angeweza kuishi miaka 25 au zaidi.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Farasi aliyezaliwa Mei atakuwa na miezi 42 hivi siku ya mashindano. Ili ajue kusimama kwa kuteleza, kuzunguka na kubadili mguu wa kuongoza katika mbio bila kukosea, anahitaji karibu miaka miwili ya mazoezi. Ndiyo maana wengi hufungwa tandiko la kwanza kabla ya kutimiza miaka miwili ya kweli, na wengine wakiwa na miezi 18 tu.

Picha ya eksirei ya goti la mbele la farasi wa umri huo inasema mengi. Mfupa mrefu wa juu ya goti unaonekana mweupe na imara mpaka karibu na ncha yake ya chini. Hapo unakatwa na mstari mwembamba, mweusi, wenye mawimbi, uliolala kutoka upande hadi upande. Mtu asiyejua anaweza kudhani ni ufa. Ni gegedu, sehemu ambamo mfupa bado unajijenga, laini kuliko mfupa wenyewe. Kwenye kifundo cha chini, karibu na kwato, mstari wa namna hiyo hufunga mapema, kabla farasi hajafikisha mwaka mmoja. Ule wa juu ya goti husubiri mpaka karibu miezi 24 hadi 30. Pingili za uti wa mgongo, pale hasa tandiko linapokaa na mtu anapoketi, ndizo huchelewa kuliko zote: miaka mitano, hata sita. Farasi wa miaka miwili anaweza kuwa mrefu, ametanuka kifua, anang'aa kama mkubwa, na bado mgongo wake haujamaliza nusu ya safari. Ni sawa na ndizi za kuvundika: rangi ya ganda inakuambia tayari, na ndani bado.

Watetezi wa mashindano ya mapema wana hoja, tena hoja nzito, nami siwezi kuipita kando. Wanasema mfupa huimarika kwa kutumika. Ni kweli. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliwagawa watoto wa farasi makundi matatu: wengine walikaa malishoni, wengine walifungiwa bandani, na wengine walifungiwa bandani lakini wakatolewa kila siku kukimbizwa mbio fupi. Waliofungiwa tu walichelewa kujenga mifupa, gegedu na kano. Kwa hiyo anayedhani kumtunza farasi mchanga ni kumweka ndani asiguswe anamdhuru. Lakini itazame sehemu ya pili ya matokeo hayo: waliotolewa kukimbizwa na kurudishwa bandani hawakuwafikia wale wa malishoni. Kilichowajenga vizuri zaidi ni uwanja mpana, wenzao, na uhuru wa kukimbia wakitaka na kusimama wakichoka.

Linganisha na maisha ya farasi anayeandaliwa kwa zawadi. Kwa kuwa mmiliki anaogopa kovu, haachiwi kucheza na wenzake. Hukaa bandani saa 22 au 23 kwa siku. Akitolewa, hufanyishwa kazi katika duara. Marekani kuna hata mashindano ambamo farasi wa mwaka mmoja, asiyeweza kubeba mtu, huendeshwa kwa kamba ndefu kuzunguka mwongozaji huku waamuzi wakitazama mwendo wake. Ili atembee polepole kwa mwendo wanaoupenda, huzungushwa nyumbani siku nyingi, na kila mzunguko hukandamiza upande mmoja wa kiungo kuliko mwingine. Mfupa huu laini ungefaidika na mbio fupi zilizonyooka, lakini unapewa duara baada ya duara. Ongeza chakula cha nafaka nyingi ili anenepe upesi kabla ya mnada. Watoto wanaokua haraka kwa chakula kizito wamo katika hatari zaidi ya gegedu kushindwa kugeuka mfupa ipasavyo, na vipande kubaki vikielea ndani ya kiungo. Tumbo la farasi nalo hutoa asidi mchana na usiku, awe anakula au hali, kwa sababu limeumbwa kwa mnyama anayetafuna nyasi karibu siku nzima. Mpe milo miwili ya nafaka, mwache na hori tupu kwa saa nyingi, na vidonda vya tumbo havitakawia.

Wengine husema mbona farasi wa mbio walioanza wakiwa na miaka miwili wameonekana kudumu kuliko walioanza wakubwa. Takwimu za namna hiyo zipo. Lakini aliyefika mstari wa kuanzia akiwa na miaka miwili ni yule aliyevuka mazoezi salama. Aliyepasuka mfupa wa muundi mwezi wa tatu wa mazoezi hayumo katika orodha hiyo, au yumo kwenye orodha ya walioanza wakubwa, akiwa na jeraha lake. Ukihesabu waliobaki wima tu, kila mbinu itaonekana nzuri.

Habari inayonisumbua zaidi katika historia ya maonyesho ni ya dume mmoja wa aina ya Quarter Horse aliyeitwa Impressive, aliyezaliwa mwaka 1969. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1974 katika maonyesho ya umbo, yale ambamo farasi hapandwi, anasimamishwa tu mbele ya mwamuzi akaguliwe. Misuli yake ilikuwa ya ajabu. Mapaja yalijaa, kifua kilitokeza, na waamuzi walipoona wanawe wana mapaja hayohayo, waliwapa utepe wa ushindi. Wafugaji wakafuata utepe. Makumi ya maelfu ya farasi wakatokana na dume huyo.

Kisha baadhi ya wazao wake wakaanza kutetemeka. Misuli ilicheza chini ya ngozi, jicho likafunikwa na utando wake wa ndani, farasi akaketi kitako kama mbwa au akaanguka chini akiwa macho kabisa, asiweze kuinuka. Baadhi walikufa pumzi ikiwa imekatika. Mwaka 1992 wanasayansi walibaini chanzo: kasoro katika jeni moja inayoongoza mlango wa sodiamu kwenye misuli. Ugonjwa wenyewe hufupishwa HYPP. Mlango huo haufungi vizuri, na potasiamu ikizidi mwilini, kwa mfano farasi akila majani ya luseni au molasi, shambulio huja. Misuli ya mgonjwa hujikaza mara kwa mara hata akiwa amesimama tu, na wataalamu wanaona kukaza huko ni sehemu ya sababu ya mapaja yale kujaa. Kwa maneno mengine, waamuzi waliokuwa wakiutunuku mwili ulioumbika walikuwa, bila kujua, wanautunuku ugonjwa.

Ninachoshindwa kukipuuza ni kilichofuata. Kipimo kilikuwapo tangu mwaka 1992. Chama cha AQHA, kinachosajili farasi hao, kilikuja kukataa kuwasajili watoto wenye nakala mbili za jeni hiyo waliozaliwa kuanzia mwaka 2007. Miaka 15. Na mwenye nakala moja, ambaye naye anaweza kuugua, aliendelea kusajiliwa. Katika miaka hiyo yote hapakuwa na siri yoyote kuhusu chanzo wala namna ya kukiepuka. Damu yenye kasoro ilikuwa bado inashinda, na kinachoshinda kina wateja.

Nimesimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kinaonyesha nguvu ya mwamuzi. Mfugaji mmojammoja anaweza kuwa na huruma tele, lakini kama utepe unakwenda kwa mtoto wa mwaka mmoja aliyenona kupita kiasi na kusimama juu ya kwato ndogo, yeye aliyemlea wake kwa utulivu ataondoka mikono mitupu, na mwaka ujao atajiuliza kama aendelee hivyo. Farasi wa Kiarabu nao wanapita njia hiyohiyo. Katika maonyesho ya Ulaya, Marekani na Ghuba, watoto wa mwaka mmoja wana madaraja yao ya ubingwa, na uso uliobonyea katikati unapendwa mno. Mwaka 2017 picha za dume mchanga wa Marekani, mwenye uso uliobonyea hata akaonekana kama mchoro, zilizua ukali kutoka kwa madaktari wa mifugo waliouliza hewa inapitaje kwenye pua kama ile. Farasi hupumua kwa pua tu, hawezi kupumua kwa mdomo. Wapo pia waliozoea kuwanyoa ndevu za midomo na za kuzunguka macho ili uso ung'ae, ilhali nywele hizo ndizo anazopapasia vitu asivyoviona vilivyo karibu na pua yake. FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, lilipiga marufuku unyoaji huo katika mashindano yake tangu tarehe 1 Julai 2021. Watu walilalamika kidogo, kisha wakazoea. Hakuna onyesho lililokufa kwa sababu farasi wamebaki na ndevu.

Shirikisho hilohilo lilijaribu kuigusa na reningi. Mchezo huo uliingia FEI mwaka 2000, ukafika hadi michezo ya dunia ya farasi. Huko kwenye ngazi ya juu FEI ilidai farasi waliokomaa, na vyama vya Marekani vinavyoishi kwa zawadi za miaka mitatu havikukubaliana nayo kuhusu umri, dawa na usimamizi. Mwaka 2018 makubaliano kati yao yalivunjika, na mwaka 2021 mkutano mkuu wa FEI ulipiga kura kuuondoa mchezo huo kabisa. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa hasara kwa farasi. Aliyebaki na sauti juu ya umri ni yule anayefaidika na umri mdogo.

Ujerumani nayo imegawanyika nafsi. Mwongozo wa serikali kuhusu ustawi wa farasi michezoni, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2020, unasema mafunzo ya kulenga matumizi fulani yasianze kabla ya miezi 30. Lakini madume wa nchi hiyohiyo hupelekwa kukaguliwa wapewe kibali cha kupandisha wakiwa na miaka miwili na nusu, wakirukishwa viunzi na kukimbizwa mbele ya umati, muziki na taa. Ili mtoto wa umri huo aonekane hivyo, maandalizi yameanza miezi mingi nyuma. Kwa hiyo miezi 30 imeandikwa kwenye karatasi, na soko linaanza kuhesabu mapema zaidi.

Yupo aliyechagua njia nyingine tangu zamani. Farasi weupe wa Lipizza wanaocheza Vienna hulelewa kwenye shamba la Piber, na majira ya joto madume wadogo hupandishwa milimani wakajifunze kupanda mawe na kuishi kundini. Huletwa mjini wakiwa na miaka minne hivi, na mafunzo yao kamili huchukua takriban miaka sita. Wengi huendelea kucheza wakiwa na miaka 20 na zaidi. Vienna haina mfuko wa zawadi wa miaka mitatu, na ndiyo maana farasi wake wanaruhusiwa kuchelewa.

Kwetu Afrika Mashariki mizani ni ndogo, ila kanuni ni ileile. Kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, Derby ya Kenya ni ya farasi wa miaka mitatu kama Derby nyingi duniani. Ukitaka kujua hali ya farasi mchanga usianze na mkufunzi wala mmiliki, muulize saisi. Yeye ndiye anayeshuka na kiganja chake kutoka goti hadi kifundo saa kumi na mbili asubuhi, kwanza mguu huu kisha ule, akilinganisha joto. Ndiye anayeona kwamba jana hori lilibaki na chakula, kwamba farasi anapiga mkia akifungwa mkanda wa tumbo, kwamba anageuka vizuri kulia na anasita kushoto. Ishara hizi hutangulia kuchechemea kwa wiki kadhaa. Saisi akiziona na akasema, kinachofuata kinategemea kama neno lake lina uzito mbele ya mtu aliyelipia gari, banda na ada. Mara nyingi halina. Ningependa kila chama cha farasi kanda hii kiandike kanuni kwamba saisi ana haki ya kumwita daktari wa mifugo bila kungoja idhini ya mwenye farasi.

Na tunao mfano wa mashindano yanayopima kitu sahihi. Lamu, ambako punda ndiye mbeba mizigo wa mji, shirika la Donkey Sanctuary lilifungua kliniki mwaka 1987, na limekuwa likiandaa mashindano ya punda waliotunzwa vizuri. Anayekagua hutazama mgongo kama una kidonda, kwato kama zimekatwa, mwili kama umeshiba, na jinsi mnyama anavyompokea mwenye kumshika. Mwenye punda wa namna hiyo hurudi nyumbani na tuzo. Hapo mashindano yanamfundisha mtu kufanya lile ambalo mnyama mwenyewe angeliomba.

Kwa waandaaji wa Marekani na kwingineko naomba mambo ambayo hayahitaji kuvunja chochote. Umri uhesabiwe kwa siku ya kuzaliwa ya kweli, ambayo kwa farasi waliosajiliwa inajulikana. Fedha kubwa zihamishiwe kwa farasi wa miaka mitano na sita, na sehemu yake itengwe kwa farasi wa miaka 12 na kuendelea anayerudi uwanjani akiwa mzima, ili dume asifiwe kwa watoto waliodumu. Mwamuzi apewe uwezo wa kumtoa farasi aliyenenepeshwa kupita kiasi, kama anavyomtoa anayechechemea.

Kuna jambo moja dogo zaidi la kuanza nalo. Ada za kuingia mashindano ya miaka mitatu hulipwa kwa awamu, mwezi baada ya mwezi, na mmiliki anayejiondoa katikati mara nyingi harudishiwi alichotoa. Kwa hiyo mkufunzi mwenye huruma akisema Septemba kwamba farasi huyu hajawa tayari, anachomwomba mmiliki ni kutupa fedha zilizokwisha lipwa. Wengi hawamwombi. Ada hiyo ifuate farasi. Daktari wa mifugo akithibitisha kwamba viungo havijakomaa, kila shilingi iliyolipwa ihamie kwenye daraja la mwaka unaofuata, na la mwaka baada yake ikibidi, bila faini na bila jina la farasi kutangazwa kuwa limefutwa.